Fimbo na Mkono Unaoishika

Manabii wa Kiebrania walioishi kati ya karne ya 8 na ya 6 kabla ya Kristo (KK) walitumia sehemu kubwa ya maneno yao kuzisema dola za kigeni. Amosi anafungua kitabu chake kwa hukumu juu ya majirani wa Israeli. Isaya ana sura kumi na moja mfululizo za namna hiyo, Yeremia ana sita na Ezekieli ana nane. Kitabu cha Nahumu, chenye sura tatu tu, chote kinaihusu Ninawi, mji mkuu wa Ashuru. Waliosema hayo walikuwa wana wa nchi ndogo. Falme za Israeli na Yuda zilibanwa kati ya Misri na dola za Mesopotamia, na kila jeshi kubwa lililovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili lilipita juu ya mashamba yao.

Katika ulimwengu ule, taifa lililoshindwa vitani lilihesabiwa kuwa na mungu aliyeshindwa. Wafalme wa Ashuru walizichukua sanamu za miungu ya walioshindwa, wakazipeleka kwao pamoja na mateka na nyara. Manabii waliikataa hesabu hiyo. Walifundisha kwamba Mungu wa taifa dogo ndiye mwenye hatamu za mataifa makubwa, na kwamba dola inayowaponda watu wake ni chombo mkononi mwake. Fundisho hilo lina pande mbili. Kwa aliyepondwa linasema kwamba kushindwa kwake kuna maana. Kwa aliyeponda linasema kwamba nguvu zake ni za kuazima, na kitu cha kuazima kina mwenyewe.

Pande hizo mbili zinaonekana wazi zaidi katika sura ya kumi ya Isaya. Ashuru, dola iliyoiangusha Samaria, mji mkuu wa Israeli, mwaka 722 KK, inaitwa humo fimbo ya ghadhabu ya Mungu. Imetumwa kuadhibu, na adhabu yenyewe ni ya haki. Kosa linaanzia moyoni mwa fimbo. Mfalme wa Ashuru hakujiona mtumwa wa yeyote. Aliitaja miji aliyoiteka mmoja baada ya mwingine, Karkemishi, Hamathi, Arpadi, Dameski, kama mfanyabiashara anayesoma daftari la mali yake. Alijisifu kwamba ameyafanya yote kwa mkono wake na kwa akili yake, na kwamba aliondoa mipaka ya mataifa na kukusanya utajiri wao kama mtu aokotaye mayai katika kiota kilichoachwa, pasipo ndege hata mmoja kupiga bawa. Nabii anamjibu kwa kuuliza kama shoka linaweza kujitukuza mbele ya anayekata nalo, au msumeno mbele ya anayeuvuta. Hukumu inayofuata ni ya msitu kuungua hadi miti iliyosalia iwe michache kiasi cha mtoto kuweza kuiandika idadi yake.

Majivuno aliyoyaeleza Isaya yapo pia katika kumbukumbu za Waashuru wenyewe. Mfalme Senakeribu aliivamia Yuda mwaka 701 KK, akaandika kwamba ameiteka miji 46 yenye kuta, ametoa humo watu zaidi ya laki mbili, na amemfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, ndani ya Yerusalemu kama ndege kizimbani. Katika jumba lake la Ninawi alichongesha ukutani kutekwa kwa mji wa Lakishi. Michongo hiyo sasa imo katika Makumbusho ya Uingereza jijini London. Inaonyesha magogo ya kubomolea ukuta, watu waliotundikwa juu ya miti iliyochongwa ncha, na familia zikitoka mjini na mizigo yao, wanawake na watoto wakiwa juu ya mikokoteni ya ng'ombe. Mfalme ameketi juu ya kiti cha enzi akiangalia nyara zikipita mbele yake. Aliyeamuru kuchongwa kwa picha hizo aliona humo utukufu wake, na leo mtazamaji anaona humo ushahidi dhidi yake. Mwaka 681 KK Senakeribu aliuawa, na Biblia inasimulia kwamba waliomuua ni wanawe, akiwa anaabudu katika nyumba ya mungu wake.

Ninawi yenyewe ilianguka mwaka 612 KK mbele ya Wababeli na Wamedi. Nahumu aliuita mji wa damu, akaukumbusha kwamba hata No-Amoni ya Misri, mji ambao Waashuru wenyewe waliuteka mwaka 663 KK, ulikuwa na maji kama ukuta na washirika wengi, na bado ukaenda utumwani. Mwisho wa kitabu chake ni swali. Kila atakayesikia habari za mji huo atapiga makofi, kwa maana ni nani ambaye ukatili wake haukumfikia? Sefania naye alitaja kiini cha kosa lake: ulikuwa mji uliokaa salama ukijiambia moyoni kwamba upo wenyewe, na zaidi yake hakuna mwingine. Katika imani ya Israeli maneno hayo ni ya Mungu peke yake. Kwa manabii, hapo ndipo kiburi cha dola kinapofikia kilele: pale mji unapojivika sifa ya kutokuwa na mwingine juu yake.

Babeli ilipochukua nafasi ya Ninawi, mafundisho yale yale yaliwekwa kwenye mizani ngumu zaidi. Yeremia aliwaambia watu wa Yerusalemu waitie shingo yao chini ya nira ya Nebukadreza, akamwita mfalme huyo mtumishi wa Mungu. Wengi walimwona msaliti. Lakini nabii huyo huyo aliiwekea Babeli mpaka: miaka sabini, kisha nayo itaadhibiwa kwa uovu wake. Mwaka wa nne wa utawala wa Sedekia, mfalme wa Yuda, Yeremia alimpa Seraya, aliyekuwa akienda Babeli pamoja na Sedekia, kitabu chenye maneno yote ya hukumu ya mji huo. Seraya aliagizwa akisome huko, kisha akifunge jiwe na kukitupa katikati ya mto Frati, ili kuonyesha jinsi Babeli itakavyozama isiinuke tena. Wakati huo Babeli ilikuwa katika kilele cha nguvu zake, na Yerusalemu ilikuwa bado miaka saba hivi kabla ya kuteketezwa. Hukumu ilitamkwa mapema, mbele ya mwenye nguvu akiwa angali mwenye nguvu.

Habakuki aliuliza swali ambalo kila mwenye kuonewa amewahi kuliuliza. Inakuwaje Mungu aliye safi amtumie mwovu kumwadhibu asiye mwovu kama yeye? Jibu alilopewa ni ole tano, zinazowekwa midomoni mwa mataifa yaliyomezwa. Ole ya kwanza ni ya mtu anayejilimbikizia visivyo vyake kama rehani, hadi siku wadai watakapoamka ghafla. Ya pili ni ya anayejenga kiota chake juu kwa faida ya uonevu, na humo jiwe la ukutani linapiga kelele na boriti inaliitikia. Ya tatu ni ya anayejenga mji kwa damu. Zinafuata ole ya anayemlevya jirani ili amwaibishe, na ya anayeutegemea mti usiosema. Katikati ya hayo Habakuki anahesabu pia ukatili uliotendwa kwa misitu ya Lebanoni na kwa wanyama wake. Dola inadaiwa damu ya watu na inadaiwa nchi iliyoifyeka.

Sura ya 47 ya Isaya inaongeza kipimo kingine. Babeli inaambiwa kwamba ilipewa watu mkononi mwake, na haikuwaonea huruma, hata wazee iliwatwika nira nzito sana. Hapa kosa halimo katika ushindi. Limo katika namna walivyotendewa walioshindwa, na hasa walio dhaifu kuliko wote. Ndiyo maana binti Babeli anaamriwa ashuke mavumbini, ashike mawe ya kusagia na kusaga unga, afanye kazi aliyowafanyisha wengine.

Mwaka 539 KK jeshi la Koreshi wa Uajemi liliingia Babeli bila mapigano, kama kumbukumbu za Wababeli wenyewe zinavyoeleza. Mji haukuteketea siku ile. Ulibaki na watu na mahekalu yake, ukafifia polepole kwa karne nyingi hadi kuwa vichuguu vya matofali. Anayesubiri moto kutoka mbinguni anaweza kudhani unabii ulikosa shabaha. Lakini kilichokufa mwaka ule ni dai la Babeli kwamba hakuna zaidi yake, na dai hilo halikufufuka.

Dola nyingine katika orodha ya manabii haikutegemea majeshi. Tiro ilikuwa mji wa biashara, na katika sura ya 27 Ezekieli anauchora kama merikebu. Mbao zake ni za misonobari, mlingoti wa mwerezi wa Lebanoni, makasia ya mialoni ya Bashani, tanga la kitani cha Misri kilichotiwa nakshi. Nabii anataja shehena yake kwa utaratibu wa karani wa bandari: fedha, chuma, bati, pembe za ndovu, ngano, asali, na katikati ya bidhaa hizo, bila kupaza sauti, anataja watu wanaouzwa. Kisha upepo wa mashariki unaivunja merikebu katika moyo wa bahari, na mabaharia wote wanapanda ufukweni wakilia na kujitupia mavumbi vichwani. Katika sura inayofuata, mtawala wa Tiro anashitakiwa kwa kusema yeye ni mungu, aketiye katika kiti cha miungu katikati ya bahari. Hekima ya biashara ilimpa mali, mali ikamwinua moyo.

Anayeisoma orodha ile ya shehena mjini Bujumbura, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika, anaisoma mahali ambapo watu walikuwa bidhaa. Katika karne ya 19 misafara ya Ujiji ilivusha ng'ambo ya ziwa pembe za ndovu na watumwa. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu katika miaka ya 1880, na wapiganaji wa mwami (mfalme) Mwezi Gisabo wakamzuia. Mwishoni mwa miaka ya 1890 walifika Wajerumani, wakaweka ngome Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe alimlazimisha Mwezi Gisabo, mwami aliyetawala zaidi ya nusu karne, kukubali mkataba wa mahali paitwapo Kiganda: autambue utawala wa Mjerumani, alipe fidia ya ng'ombe, na awaache Kilima na Maconco, waliokuwa wamemwasi, wajitawale.

Miaka miwili baadaye, kusini mwa koloni hiyo hiyo ya Ujerumani Afrika Mashariki, vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Mjerumani vilianza. Gavana Gustav Adolf von Götzen alivikabili kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Njaa iliua wengi kuliko risasi, na makadirio ya waliokufa yanafika laki tatu. Götzen aliondoka mwaka 1906. Mwaka 1913 meli ya mita 70 hivi iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina lake: Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo elfu tano, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli mpya, ikaunganishwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1915. Ilifungwa mizinga, na ilikusudiwa kuwa ishara kwamba ziwa lote, kutoka Usumbura hadi Kasanga, lina bwana mmoja.

Bwana huyo alidumu mwaka mmoja tu. Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji waliingia Usumbura. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani wakikimbia Kigoma, mafundi wao walizipaka mashine za meli grisi nzito na kuizamisha kwa mikono yao wenyewe, isije ikawa ya adui. Mji wa Tiro ulilinganishwa na merikebu inayozama; hapa iliyozama ni meli halisi yenye jina la gavana. Tiro yenyewe nayo haikuanguka kama ilivyotarajiwa: Nebukadreza aliuzingira mji huo miaka 13 pasipo kupata nyara alizozitarajia, na Ezekieli mwenyewe analikiri hilo katika sura ya 29. Manabii hawakuficha kwamba hukumu huja kwa njia ambazo hata nabii hakuzitazamia.

Baada ya vita fimbo ilibadilisha mikono. Mkataba wa Shirikisho la Mataifa wa 1919 uliuita ustawi wa watu wa makoloni yaliyotwaliwa amana takatifu, na Ubelgiji ikapewa Ruanda-Urundi, Usumbura ikiwa makao makuu. Katika lugha ya Isaya, hilo ni kukiri kwamba chombo kina mwenyewe. Matendo yalisema vingine. Kahawa ililimwa kwa amri, barabara zilichimbwa kwa kazi ya lazima, kodi ilitozwa kwa kila mwanamume, na kiboko kilitembea mgongoni mwa aliyechelewa. Chifu aliyeshindwa kutimiza hesabu ya vibarua aliadhibiwa na Mzungu, naye akaihamishia adhabu hiyo kwa mkulima wake. Ndivyo fimbo inavyofundisha fimbo. Utawala huo ulikoma tarehe 1 Julai 1962, miezi tisa hivi baada ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi, kuuawa kwa risasi Usumbura, Oktoba 1961.

Msomaji angeweza kuishia hapo na kuhesabu kwamba Ashuru imeanguka, Babeli imeanguka na mkoloni ameondoka. Waswahili wana methali kwamba aliye juu mngojee chini, na manabii wangeikubali. Lakini hawakuishia kwenye kungoja. Amosi, mchungaji wa Tekoa, alizunguka na hukumu yake kutoka Dameski hadi Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu, na kila mara wasikilizaji wa Israeli waliweza kuitikia amina. Kisha aligeukia Yuda, na mwisho Israeli wenyewe, waliomuuza mwenye haki kwa fedha na maskini kwa jozi ya viatu. Mizani iliyompima jirani ndiyo iliyompima mwenyeji. Aliyekuwa chini ya nira, akipata mjeledi mkononi, anaingia kwenye orodha ile ile.

Burundi huru ilijua hilo kwa damu. Mwaka 1972 dola iliwageukia raia wake, na waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu, wengi wao Wahutu, wasomi na wanafunzi wakiwa wa kwanza kuchukuliwa. Mwaka 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa kwa kura, aliuawa, mauaji yakawapata Watutsi na Wahutu, na vita vikaendelea hata baada ya mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000. Katika miaka yote hiyo hakukuwa na Mjerumani wala Mbelgiji wa kulaumiwa kwa kila panga. Ole ya anayejenga mji kwa damu haina uraia.

Kuna makosa mawili yanayofanywa mara kwa mara na wanaohubiri unabii huu. La kwanza ni kumwita kila adui Babeli. Obadia aliihukumu Edomu kwa sababu ilisimama kando na kufurahi siku Yerusalemu ilipoanguka. Furaha juu ya anguko la mwingine nayo ni shitaka. La pili ni kudhani Mungu anapenda magofu. Katika kitabu cha Yona, Ninawi inasamehewa baada ya kutubu, na nabii anayekasirikia msamaha huo anaulizwa kama haifai kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya laki moja na ishirini elfu, na wanyama wengi pia. Sura ya 19 ya Isaya inakwenda mbali zaidi: inaitazama siku ambayo Misri na Ashuru, wakandamizaji wawili wakubwa, watabarikiwa bega kwa bega na Israeli. Hukumu inakusudia kuvunja kiburi ili watu wa dola ile ile waweze kuishi.

Hata ile meli ya Götzen haikubaki chini. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ilisafiri kwa jina la Liemba, ikibeba wafanyabiashara, mchele na dagaa badala ya mizinga. Mwaka 1997 ilirudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma hadi Uvira, ng'ambo ya Bujumbura. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walipojazana katika kijiji cha Kagunga nchini Tanzania, kipindupindu kikiwaandama, Liemba iliwachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma. Chombo cha dola kilitumika kuokoa watu waliokimbia dola nyingine.

Unabii wa Kiebrania unamwachia kila mwenye mamlaka, awe rais, chifu, mkuu wa kampuni au mzee wa kanisa, maswali matatu. Nguvu hizi amezipata kwa nani? Wazee na maskini walio chini yake wamebebeshwa nini? Mawe ya nyumba yake yangepata sauti, yangesema nini? Na unamwachia raia wajibu mmoja: kuyauliza maswali hayo wazi, mtawala akiwa angali na nguvu, na akiwa wa upande wake mwenyewe. Anayemuuliza mgeni tu, au anayemsubiri mkubwa aanguke kwanza, bado hajawasoma manabii.